Nilikuwa Naona kwa Kukumbuka

Nikiwa kijana nilichunga kondoo wa Mzee Abdi pale Nanyuki. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu mrefu wa ndevu nyekundu za hina, na katika soko lote la mbuzi hakuna aliyethubutu kumdanganya umri wa mnyama. Sasa, kulikuwa na kondoo dume mmoja wa pembe za kujikunja. Siku moja ya soko nilisimama kutazama lori la wanajeshi likipita, na kabla halijamaliza kupita yule dume alikuwa ameingia kwa fundi wa nguo. Alitoka na gauni la bibi harusi kwenye pembe. Alipita nalo barabara kuu yote, jeupe pe, mimi nyuma, na wanawake wa sokoni wakampigia vigelegele kama mtu anayeenda kanisani. Tulimshikia karibu na reli.

Nilijua kazi imeisha. Lakini Mzee Abdi alicheka hadi akakaa chini, kisha akasema mimi macho yangu ni ya mbali, yanafuata kila kitu kinachopita, kwa hivyo afadhali nipewe kazi ya karibu. Ndivyo nilivyotolewa kwa kondoo walio hai nikapelekwa kichinjioni. Huko ndiko nilijifunza kisu. Alinifundisha kutafuta kiungo cha mnyama kwa kidole gumba kwanza, kisu kifuate nyuma. Ukishakata mbuzi mia namna hiyo, wa mia na moja unamkata ukiongea habari za mvua.

Najua nimeanzia mbali. Mama Wangari, mke wa mwanangu, husema mimi nikiulizwa chumvi naanzia Magadi inakochimbwa. Lakini bila hicho kisu hutaelewa vile ugonjwa ulijificha ndani yangu miaka yote hiyo bila mtu kujua, hata mimi mwenyewe.

Na kabla hujaingiwa na wasiwasi, jicho la kulia lipo. Ndilo naandikia haya, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na mimi darasa nilifika la tatu tu. Naandika asubuhi, dirishani, jua likiwa upande mzuri. Jicho la kushoto lilienda na halitarudi. Naandika kwa ajili ya yule mtu ambaye sasa hivi ameketi kwenye benchi ya kliniki akijiambia, mimi sina shida, mimi naona.

Nilirudi kwetu Mweiga, nikaoa, nikalima viazi, nikafuga ng'ombe wawili watatu wa maziwa. Lakini watu walinijua kwa kisu. Kwetu msichana akiolewa kuna siku ya ngurario, upande wa bwana harusi wanakuja na mbuzi, wanachomwa, na nyama inagawanywa mbele ya watu wote. Si kugawa hivi hivi. Kila sehemu iko na mwenyewe. Katika ukoo wetu masikio ni ya wasichana, mbavu ni za wazee wageni, na mkubwa wa wageni hupewa zake kwanza, kwa mkono, kwa maneno. Ukikosea hapo umetukana nyumba nzima ya watu. Kutoka Mweiga hadi Chaka waliniita mimi. Watu walikuwa wakisema, tazama Mzee Ndirangu, hata haangalii anachokata. Nilifurahi sana nikisikia hivyo. Kumbe walikuwa wanasema ukweli kuliko walivyojua.

Marehemu mke wangu, Wangari, alikuwa mtu wa mpangilio. Mkebe wa chumvi uko mahali pake, kikombe changu kwenye msumari wake, panga nyuma ya mlango. Alipokufa sikuhamisha hata kijiko. Kwa hivyo nyumbani niliona kila kitu. Nikitaka kikombe nageuka, mkono unaenda, kikombe hiki hapa. Ungeniuliza kama naona ningecheka.

Ila Chaka. Sijui kwa nini, kila nikienda soko la Chaka nilirudi na jeraha. Niligongwa na mkokoteni. Nilikanyaga nyanya za mama mmoja akaniita mlevi, na mimi pombe niliacha zamani. Siku moja ya mvua ya Aprili niliweka gunia langu chini nikazungumza na mtu, nikarudi, gunia halipo. Nilimshika shati kijana wa viazi nikamwita mwizi. Watu wakajaa. Kumbe mwenye kibanda alikuwa amelisogeza hatua moja tu kushoto, lisije likawazibia wengine njia. Lilikuwa pale, karibu na mguu wangu, na watu wote walikuwa wanalitazama isipokuwa mimi. Niliomba msamaha nikijisemea kwamba soko la siku hizi lina fujo.

Julai, ile baridi ya ukungu usiotoka hadi saa sita, Mama Wangari alitaka kupaka nyumba yangu rangi. Mjukuu wangu alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kangema, ngurario ilipangwa Novemba kwangu, na nyumba ilikuwa nyeusi kwa moshi. Mjukuu huyu ni Wangari vilevile, amepewa jina la nyanyake kama desturi yetu ilivyo, ndiyo sababu mimi humwita bibi yangu na yeye huniambia mahari yake sikumaliza. Basi mama yake akatoa kila kitu nje, akapaka, akarudisha. Akarudisha vizuri hata kuliko mwanzo. Lakini mahali pengine.

Hapo nyumba yangu ikageuka Chaka.

Nilitafuta chumvi asubuhi nzima. Kikombe hakikuwa kwenye msumari, na msumari wenyewe haukuwapo. Nilimwita nikamuuliza chumvi iko wapi, akasema, "Baba, iko hapo mbele yako." Nikatazama, hakuna. Akanyoosha mkono, akaishika, ikawa ipo. Mara ya tatu kufanya hivyo nilimwambia maneno ambayo hadi leo yananichoma. Nilimwambia anaficha vitu makusudi, anavirudisha mahali mkono wake ukifika, ili niitwe mzee aliyechanganyikiwa na mwanangu anitoe kwenye nyumba ya mke wangu. Nilisema hayo wanawake wa kikundi chake wakiwa mlangoni.

Alikunja kitambaa chake, akatoka, na tangu siku hiyo hakuingia tena kwangu. Chakula kililetwa na Wangari kimefunikwa. Mwanangu Mwangi, anayefanya kazi Isiolo, alinipigia simu akaongea polepole sana, kama mtu anayebeba maziwa. Nilimkatia.

Wangari ndiye aligundua. Anafundisha watoto wa chekechea pale Mweiga, amezoea kuangalia watu wakijifanya wanajua. Aliniwekea chai mezani, tukawa tunaongea, na mbele ya macho yangu, mimi nikimtazama usoni, akasogeza kikombe kiasi cha kiganja upande wa kushoto. Mkono wangu ukaenda pale kilipokuwa. Ukashika hewa.

Kisha akauliza, akiniita babu kwa lugha yetu, "Guka, wewe unaangalia ama unakumbuka?"

Nilikaa na mkono wangu pale hewani.

Wiki iliyofuata, mwezi wa nane tayari, nilikuwa kliniki ya macho, Nyeri. Nikuambie juu ya ile benchi. Ukifika mapema unakaa karibu na mlango, na kila mmoja akiingia nyote mnasogea, benchi nzima inateleza kama shanga. Hakuna anayekutazama kwa sababu wengi hawawezi. Kulikuwa na mama wa Karatina mwenye jicho limefunikwa, yeye alikuwa anatusomea sura za waliotoka: huyu amepewa miwani, huyu amepewa matone, huyu msimuulize kitu. Nilimpenda. Hadi saa nne nilikuwa nacheka. Kisha wakatia dawa ya kufungua mboni, dunia ikawa maziwa, na nikaanza kuogopa.

Kuna mashine moja huko. Unaweka kidevu, unatazama nukta ya katikati, na vitaa vidogo vinawaka huku na huku. Ukiona unabonyeza kitufe. Muuguzi alikuwa Sista Nekesa, mama mnene wa kutoka Bungoma, sauti kama ya kwaya. Mimi nikaamua siwezi kushindwa na taa. Baada ya muda nilishika mwendo wake: kimya, kimya, taa. Nikawa nabonyeza kwa mwendo.

"Guka," akasema, "umebonyeza mara tatu na mimi nimesimamisha mashine nikunywe maji."

Wenzangu wa nyuma ya pazia walicheka. Yeye alicheka pia. Kisha akaja karibu, akaweka mkono wake begani kwangu, akaniambia polepole kwamba hapa hakuna wa kumshinda, na nikiendelea kubahatisha mashine itaandika kwamba niko mzima na nitarudi nyumbani kuwa kipofu na karatasi nzuri. Tukaanza upya. Safari hiyo sikubonyeza kama sikuona. Nilikaa gizani muda mrefu sana kidole kikiwa juu ya kitufe, nikisikia mashine inafanya kazi, tik, tik, na mimi sina la kubonyeza.

Daktari alikuwa kijana. Alisema ni presha ya macho. Mambo ya kitaalamu utaelezwa na waliosoma. Mimi nakuambia nilichoelewa. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki tundu, kama kutazamia kwenye shingo ya chupa, na tundu linafungwa. Nitie matone kila jioni, na nifanyiwe operesheni mwezi wa kumi, jicho la kulia, kwa sababu likienda hilo hakuna lingine. Baada ya hapo mwezi mzima na zaidi: nisiiname, nisibebe, nisikae kwenye moshi.

Nikauliza, hata moshi wa kuchoma nyama?

Hasa huo, akasema.

Sasa hesabu mwenyewe. Ngurario ya bibi yangu ilikuwa Novemba. Watoto wa watu wengine niliwakatia mbuzi miaka arobaini, na wa nyumba yangu akatiwe na nani? Niliomba tuisogeze operesheni hadi Jumatatu ya baada ya sherehe. Daktari aliniambia jicho halina kalenda. Nilishikilia. Sista Nekesa aliniuliza nangoja nini hasa, nikamwambia nangoja harusi ya bibi yangu, akasema basi nitaoa nikiwa kipofu. Nyumbani nilisema nimepewa matone tu. Wangari alitaka kuona karatasi. Nilimwambia imeloa.

Wacha niseme ya operesheni hapa hapa, ingawa ilikuja baada ya hayo mengine, maana kichwa changu siku hizi ni kama soko. Haiumi. Unasikia maji, unasikia wanaongea habari za chakula cha mchana. Kinachoumiza ni siku za baadaye, kulala chali na kifuniko juu ya jicho lako moja, ukingoja watoe ujue. Mama Wangari ndiye aliyenitia matone wiki hizo, mara nne kwa siku. Lakini daktari alipopima aliniambia tundu lilikuwa limepungua kuliko mwezi wa nane. Zile wiki nilizosogeza zilichukua kitu, na hakirudishwi. Kwa hivyo wewe wa benchi, ukipewa tarehe, shika tarehe.

Turudi kwa matone. Yanashuka kooni, machungu kama mwarobaini. Macho yalikuwa mekundu, ngozi chini yake ikawa nyeusi, na kope zikarefuka, nakuambia, zikawa kama za ndama. Wangari alisema ni wivu tupu, yeye ananunua za bandia na mimi napewa na serikali. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafuta kwenye mkate mkavu.

Oktoba mvua za vuli zilianza. Tundu lilikuwa linabana. Nilijua kwa sababu ng'ombe wangu alianza kukosa kichwa: namtazama mgongo, kichwa hakionekani mpaka nikitafute. Basi nikaanza mazoezi. Kila alfajiri nilihesabu hatua uani. Kutoka jiko la kuchomea hadi meza ya kukatia, tisa. Kutoka mezani hadi kando ya tangi la maji, kumi na nne. Kando ya tangi ndipo mkubwa wa wageni hukaa kwangu, tangu sherehe ya kwanza tuliyofanya boma hili. Kiti chenye mikono, kinatazama lango. Nilifanya mazoezi hadi ningeweza kwenda nimefunga macho, na karibu ndivyo ilivyokuwa.

Siku yenyewe ilinyesha tangu alfajiri, kisha ikakatika. Mimi nilikuwa kwenye moto na wanaume. Watu wa Kangema walifika kwa nyimbo, wakafungiwa lango, wakaimba wakafunguliwa, yote hayo niliyasikia. Nilishika kisu nikakata. Kidole gumba kinaenda, kiungo kinaachia. Nilisikia wageni wakisifu. Nikaweka mbavu kwenye sinia, nikahesabu hatua kumi na nne, nikasimama. Kwenye shingo ya chupa yangu niliona kiti chenye mikono, koti zito la kijivu, kofia juu. Nikainamisha kichwa. Nikasema maneno yote, kumkaribisha mzee na nyumba yake, kumpa mbavu kwa mkono wangu mbele ya watu. Nikanyoosha sinia nikangoja.

Hakuna aliyepokea.

Nyuma yangu kijana mmoja alicheka, akazibwa mdomo. Nilisikia matone ya mvua yanaanguka kutoka kwenye hema. Kumbe upande wa tangi ulikuwa umejaa matope, na Mama Wangari alikuwa amehamisha wageni wote wakakae kushoto, karibu na jikoni, pakavu. Kiti kilikuwa kimeachiwa makoti yaliyoloa. Hakuniambia kwa sababu mtu mwenye macho haambiwi. Mkubwa wa wageni, Mzee Karanja, babu ya kijana, alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye mkono wangu wa kushoto muda wote.

Akainuka. "Mzee Ndirangu," akasema, "mimi niko hapa. Ama ni koti yangu umeona iko na heshima kuliko mimi?"

Nikasikia viti vikisukumwa nyuma. Wazee wa Kangema walikuwa wanasimama mmoja mmoja, na mwanamke wa upande wao akasema ati kama mtoto wao ni wa kuchekwa, barabara waliyokuja nayo bado iko. Wangari alikuwa amekaa na wasichana, amefunikwa leso. Nilimsikia akipumua, ninamjua.

Ningeweza kusema ni mzaha. Kule kwetu mzaha wa namna hiyo upo, wageni hutozwa faini ya kicheko na mambo yanaenda. Ulimi wangu ulikuwa tayari. Lakini viti viliendelea kusukumwa, nikaona nikisema mzaha nitakuwa nimemuuza mtoto kwa ajili ya sifa ya kisu.

Nikasema, "Sikuoni. Sijui uko wapi. Jicho moja limekufa na lingine linakufa, nimewaficha watu wangu tangu mwezi wa nane."

Sikugeuka upande wowote kwa sababu sikujua wa kugeukia. Kisha nikasikia viatu kwenye matope, na mkono mkubwa wa kuchuma chai, mgumu kama gome, ukanishika wangu. Mzee Karanja alizunguka akaja kulia kwangu, akauliza, "Huku unaniona?" Nikasema namwona pua. Akasema pua inatosha, hata mkewe haoni kingine. Akachukua ubavu, akauma. Watu wakacheka, viti vikarudi.

Wakasema niendelee. Walisema kwa heshima, Mwangi mwenyewe alisema, Baba malizia, hakuna mwingine. Nikarudi mezani hatua kumi na nne. Mbuzi wa pili aliwekwa mbele yangu nikaanza mguu wa mbele. Lakini safari hii hakuna aliyekuwa anaongea. Watu mia na zaidi, na nilisikia kisu changu kama mtu anayekwaruza mlango.

Mkono wangu ulimjua mbuzi. Haukukosea hata kiungo kimoja. Nilifika kwenye paja, kidole gumba kikapata mahali, nikainua kisu nikakishusha kwa nguvu inayotakiwa hapo, na kikalia. Kililia kama kimepiga chuma. Mama Wangari hakupiga kelele, alivuta pumzi tu.

Alikuwa amesimama kushoto kwangu, sijui tangu lini. Alikuwa amenyoosha mkono kunishikia nyama isiteleze, kunisaidia, mwanamke niliyemwita mwizi wa chumvi mbele ya wenzake. Kisu kilikuwa kimesimama kwenye bangili yake ya shaba. Niliinama hadi karibu ndipo nikaiona, na alama ya kisu juu yake, na mkono wake chini ya bangili, mzima.

"Si kitu, Baba," akasema. "Endelea tu."

Nilimwambia anisamehe kwa yale ya Julai. Nilisema kwa sauti, wale wanawake wa kikundi walikuwapo, wasikie. Akaniambia chumvi iko kwa rafu ya chini, mkono wa kulia, angeniambia kama ningeuliza.

Nikapangusa kisu pande mbili. Nikakiweka mezani, mpini ukielekea kwa Mwangi. Kisha nikapita katikati ya watu, nikatoka langoni, nikashika ua wa boma kwa mkono wa kushoto, nikateremka polepole kuelekea barabarani. Nilisikia wakiniita. Nilisikia pia, baada ya muda, kisu kikianza tena, kwa mkono usiojua, kikitafuta kiungo. Sikurudi kwenye meza ile, siku hiyo wala siku nyingine.